Mikono Isiyojua Unyevu

Jumatano, 23 Oktoba

Kiyotaka amepiga simu tena. Mwanangu huyu akitaka kusema jambo zito huanza na hali ya hewa, kwa hiyo alipouliza kama huku bondeni baridi imeshaanza, nikajua linakuja. Likaja. Chumba kiko tayari kwake mjini Nagoya, ghorofa ya tatu, lifti ipo, bafuni pamewekwa vyuma vya kujishikilia, na mkewe hana neno. Nikamwambia mimi ninalo.

Tumebishana mpaka supu yangu ya miso ikapoa. Mwisho tumekubaliana hivi, na naandika hapa asije akayageuza maneno: nitakausha kaki, matunda ya miti yetu, msimu huu kama kila mwaka. Zikitoka vizuri, nabaki nyumbani kwangu na habari ya Nagoya haitajwi tena. Zikiharibika, dari linafungwa, fito za kuzitundikia zinashushwa, na mimi nakwenda kukaa ghorofa ya tatu nikitazama maegesho ya magari.

"Mama, utazikandaje? Hata ngazi huwezi kupanda."

"Hilo niachie mimi."

"Kaki isiyokandwa si inabaki na moyo mgumu kama jiwe?"

"Nani alikufundisha hayo? Si mimi? Basi niachie."

Kupanda siwezi, ni kweli. Tangu nilipoanguka kutoka juu ya mkaki mwaka jana, miguu yangu ni mizigo ninayoihamisha kwa mikono. Na kaki zetu hutundikwa darini, madirisha wazi pande zote ili upepo wa mlimani upite, wakati kiti changu cha magurudumu kinaishia chini ya ngazi. Ila yako mambo sikumwambia Kiyotaka. Leo asubuhi mafundi wamemaliza kufunga reli kule juu, na kwenye reli inaning'inia mikono miwili.

Ijumaa, 25 Oktoba

Mikono imetoka chuo kikuu, kwa binti mmoja aitwaye Odagiri Honoka. Anataka kuifundisha roboti kushika vitu laini, akasikia kwamba bondeni kwetu watu hukanda matunda kwa vidole mwezi mzima. Wakati wa joto alizunguka nyumba kwa nyumba. Wote walimpa chai na kumkatalia. Mimi nilimpa chai nikamwuliza anaanza lini.

Mikono iko juu, mimi niko chini kando ya jiko nimevaa glavu mbili nyeusi, mbele yangu kioo kinachoonyesha picha ya kamera iliyofungwa juu. Nikikunja kidole, kidole cha juu kinakunja. Hilo halikunishangaza, hata mwanasesere wa kamba hufanya. Kilichonishangaza ni kile kinachorudi. Ncha za glavu zina vifuko vidogo vya hewa. Kidole cha juu kikigusa kitu, kifuko kinajaa na kunibonyeza, ghafla kama kitu ni kigumu, polepole kama ni laini. Na mgongoni mwa glavu kuna nyuzi zinazonizuia nisifunge ngumi kupita pale kitu kilipo. Unashika hewa, na hewa inakukatalia.

Tumeanza na mayai. Wifi yangu Masue, dada wa marehemu mume wangu, alikuwa darini ameshika bakuli, sauti yake inanifikia kwa kipaza sauti.

"Wifi, hilo ni la tatu. Unataka kukanda kaki au kukaanga mayai?"

"Hilo lilikuwa na ufa."

"Ufa uko kichwani mwako."

Mchana nikashika kipande cha tofu, ule ugando laini wa soya, bila kukivunja. Kilitetemeka, na mtetemo ule nikausikia kwenye vidole vyangu, mimi niliyekaa ghorofa ya chini. Machozi yakanitoka. Honoka akadhani glavu zinanibana.

Jumatatu, 28 Oktoba

Mvua. Masue anasema mikono inamtazama. Nimemwambia mikono haina macho, labda ile kamera. Ameifunika kamera kwa taulo.

Alhamisi, 31 Oktoba

Tumemenya kaki kuanzia asubuhi. Jikoni palijaa majirani, visu, maganda na maneno. Kaki zetu ukizila mbichi ulimi unakauka kama umelamba turubai, kwa hiyo hakuna mdokozi katika kazi hii, na hilo ndilo jema lake. Tunamenya, tunazifunga kwenye kamba, mtungo baada ya mtungo, na Masue anapandisha na kutundika. Yeye hutundika, mimi hukanda. Ndivyo ilivyo tangu nilipoolewa nyumba hii, na sasa vidole vyake vimepinda kwa baridi yabisi, hata angetaka kukanda asingeweza.

Jirani mmoja, sitamtaja, akakisemesha kisu chake: "Eti mwaka huu Shizuno anakanda kwa umeme."

"Na wewe wali unapikia nini?" nikamwuliza. "Mbona hatukusemi?"

Jikoni pakacheka. Yeye hakucheka.

Jumanne, 5 Novemba

Upepo mzuri. Matunda yanaanza kushika ngozi.

Jumamosi, 9 Novemba

Leo nimekanda.

Nilimwambia Honoka azime kioo. Alishtuka: nitajuaje mikono iko wapi? Nikamwambia kwa kazi hii macho ni wambea tu. Akazima. Nikafumba na macho yangu kabisa, nikasogeza mkono wa kulia kwenye reli mpaka kitu kikanigusa ncha za vidole, mviringo, kizito kiasi, kinaning'inia.

Kukanda si kuminya. Unalizungusha tunda kati ya kidole gumba na vile viwili, unautafuta moyo wake, ule ugumu wa katikati, na unaubembeleza uachie. Ukiwahi, ngozi inapasuka na sukari yote inamwagika. Ukichelewa, moyo unakomaa na hakuna atakayeulegeza tena. Nilizungusha. Nikaukuta moyo. Nikabonyeza kidogo, ukakataa. Nikabonyeza tena, na kitu kikasalimu amri mle ndani, taratibu, hivyo hivyo kama siku zote.

"Limepasuka?" nikauliza.

Masue hapendi kutoa sifa, humuuma kama jino.

"Wifi! Limepasuka?"

"Halijapasuka," akajibu hatimaye. "Endelea, nina baridi huku."

Nimefanya mitungo sita, kisha mabega yakakataa. Sikumbuki mara ya mwisho nilipochoka kwa kazi. Mwaka mzima huu nimekuwa nikichoka kwa kukaa.

Jumanne, 12 Novemba

Amekuja mtu wa gazeti la mkoa. Anataka kuandika kuhusu "bibi jasiri." Akaniomba nitabasamu, niinue glavu, nitabasamu tena. Kisha akapanda darini kupiga picha mikono, akaielekezea lenzi. Nikainua mkono wa kushoto, nikaifunika lenzi yake kwa kiganja, nikashikilia. Ni lenzi laini sana, ina ukingo wa mpira. Alipoondoka Masue alicheka mpaka akakaa chini.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimekanda safu ya mashariki. Kiyotaka amesema atakuja Jumamosi ijayo, tarehe ishirini na tatu. Nataka azikute laini.

Jumatatu, 18 Novemba

Mvua ya vuguvugu ilinyesha tangu Ijumaa, imekatika leo alfajiri. Mpaka saa nne jua lilikuwa limetoka na kipimo cha unyevu alichotundika Honoka ukutani kilisema hewa ni kavu. Nikavaa glavu.

"Wifi, leo zina jasho," Masue akasema kutoka juu. "Ziache."

"Kipimo kinasema pakavu."

"Kipimo kinapima ukuta. Mimi nimegusa kaki."

"Na mimi ninazigusa sasa hivi. Ziko tayari kabisa, laini. Glavu zinaniambia."

"Hizo glavu zimeolewa hapa mwaka gani?"

Nikamwambia kama hana kazi ashuke atie maji ya chai. Alishuka. Hakutia maji ya chai.

Nimekanda safu nzima ya kaskazini, mtungo wa kwanza hadi wa mwisho, bila kupumzika. Honoka alisisitiza tangu mwanzo kwamba vidole vya juu vipanguswe kwa spiriti, kwenye kitambaa kilichofungwa kwenye reli, kila ninapomaliza mtungo, lakini kufanya hivyo ningemaliza Krismasi. Nilivipangusa mara moja mwanzoni. Nimejiona mwanamke leo. Ngoja aje huyo wa lifti.

Jumanne, 19 Novemba

Ukungu bonde zima. Nimepumzisha mabega.

Ijumaa, 22 Novemba

Masue ameshuka bila kusema neno. Sina mazoea ya Masue asiyesema neno. Akanishika mkono, akaufungua kiganja, akaniwekea kaki.

Ilikuwa na manyoya. Ya kijani, laini, marefu kiasi cha kupeperuka nilipopumua.

"Ngapi?" nikauliza.

"Usiulize ngapi. Uliza kama iko isiyonayo."

Safu yote ya kaskazini. Kila tunda nililoligusa Jumatatu.

Bondeni hapa hata mtoto wa shule anajua: kaki yenye jasho haishikwi. Unaiacha ipigwe na upepo. Ukiishika unakanda kuvu ndani ya ngozi, na vidole vyako vinalichukua na kulipeleka kwa jirani yake, na kwa jirani wa jirani. Miaka yote niliyopanda ngazi zile sijawahi kufanya kosa hili, kwa sababu sikuhitaji kufikiri. Ukitia mkono kwenye mtungo wa kwanza, kiganja chenyewe kinakwambia, unageuka unashuka. Lakini glavu zinaniletea ugumu, zinaniletea ulaini, uzito, mtetemo, hata kamba inapokwaruza. Maji haziyajui. Tunda lililolowa na tunda kavu kwao ni tunda tu. Mimi nilipata habari nne kati ya tano, na kwa sababu zile nne zilikuwa tamu nikaona nimepata zote.

Haya nayaandika sasa. Asubuhi sikusema hivi. Asubuhi nililaumu glavu. Kisha nikampigia Honoka nikamlaumu yeye, akawa anasema "samahani" kila nilipovuta pumzi. Kisha nikamgeukia Masue.

"Kwa nini hukunizuia?"

"Nilikuambia."

"Ungepiga kelele!"

"Mimi si king'ora cha zimamoto, Shizuno."

Hajaniita kwa jina tangu mazishi ya kaka yake. Akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya meza, akaenda kwake. Ni hatua chache tu, nyumba ya pili, lakini nilisikia alivyofunga mlango.

Jumamosi, 23 Novemba

Kiyotaka amenusa harufu ya kuvu akiwa bado anavua viatu.

Alipanda darini peke yake. Nilimwona kwenye kioo akitembea kati ya mitungo ameinama, yeye mrefu, na mikono ya roboti ikimning'inia kando. Hakuigusa. Aliposhuka alikaa mbele yangu kwa adabu zote, magoti pamoja, kama amekuja kuposa.

"Mama, tulikubaliana."

"Imeharibika safu moja. Ziko nne."

"Tulikubaliana."

"Tulikubaliana zikiharibika. Zimeharibika? Hesabu vizuri wewe uliyesoma."

"Na safu ya pili ikiharibika wiki ijayo? Utasema ziko mbili. Halafu utasema iko moja. Mama, unaongea na mashine ukiwa peke yako ndani ya nyumba yenye baridi, shangazi naye kesha—"

"Shangazi yako hajaenda popote."

"Hujui nilichokiona mimi siku ile," akasema.

"Siku ipi?"

Akainuka, akaniambia Jumamosi ya tarehe saba Desemba anakuja na lori la rafiki yake, fito atazishusha mwenyewe, na nifungashe ninavyovipenda. Nikamwambia ninavyovipenda vimening'inia darini. Akainama, akavaa viatu, akaenda zake.

Ana sauti ya baba yake kabisa. Baba yake pia alikuwa hanishindi.

Jumapili, 24 Novemba

Masue hakuja.

Nimeishusha safu ya kaskazini mwenyewe. Mkono wa kushoto unashika mtungo, wa kulia unafungua kamba, kisha najongeza kwenye reli mpaka dirishani na kuachia. Nilisikia kila mtungo ulivyotoka mkononi, ule wepesi wa ghafla. Kazi ya wiki tatu na zaidi imerundikana uani kama takataka. Nimelia kwa hasira, si kwa huzuni, na kila baada ya mtungo nimevipangusa vile vidole kwa spiriti. Kila mtungo. Hata iliyokuwa inatupwa.

Jumanne, 26 Novemba

Honoka amekuja mwenyewe kutoka mjini, kichwa chini, ameniletea keki. Nikamwambia keki tutakula baadaye, kwanza anitilie maji kwenye glavu.

"Maji, Mama Shizuno?"

"Unyevu. Nataka nikishika kitu chenye jasho nijue."

"Hilo hatuna bado," akasema. "Tunajaribu. Ni gumu kwa sababu hata ngozi ya mtu haina kitu maalumu cha kupokea maji. Ngozi inapata ubaridi, inapata utelezi, halafu akili inakisia kwamba pamelowa."

"Kwa hiyo miaka yote hii nilikuwa nakisia?"

"Ndiyo. Ulikuwa unakisia vizuri sana."

Nilimpenda kwa jibu hilo. Alisema wakubwa wake wameuliza kama mikono irudishwe mapema kwa kuwa zao limeharibika.

"Zao halijaharibika," nikasema. "Na wewe ukigusa reli yangu nitakufunika uso kama yule wa gazeti."

Akacheka, mara ya kwanza tangu nimjue. Keki ilikuwa kavu. Tumeimaliza.

Alhamisi, 28 Novemba

Nilikuwa nakunywa chai nikasikia ndara kwenye ngazi. Masue. Amepita mlango wa uani, hakubisha hodi, hakunisalimu, amepanda moja kwa moja. Nikamsikia juu akitembea. Safu ya kusini, safu ya mashariki. Anasimama, anatembea.

Akashuka. Akaja mbele ya kiti changu, akanyoosha mkono wake uliopinda na kuuweka shavuni mwangu.

Ulikuwa baridi. Ulinata kidogo, hapa chini ya jicho, na alipouondoa upepo ukanipiga pale pale.

"Umesikia?" akauliza.

"Bichi. Zimelowa."

"Basi tulia."

Nikataka kusema. Nilikuwa nimeyapanga maneno siku nne.

"Usianze," akasema. "Umeniudhi na bado nimeudhika. Chai iko wapi?"

Ijumaa, 29 Novemba

Shavu: bichi. Sikukanda.

Jumamosi, 30 Novemba

Shavu: bichi. Sikukanda. Masue amekula wali bakuli mbili na kunisema kwamba figili zangu za kuchachusha zina chumvi. Nadhani tumepatana.

Jumapili, 1 Desemba

Usiku umepita upepo wa mlimani, ule wenye meno. Shavu: kavu. Mkono wa Masue ulikuwa kama karatasi. Nimekanda safu ya kusini yote, nikapangusa kila mtungo, Masue akisimama juu na chupa ya spiriti akinilaani kwa ajili ya magoti yake.

Jumatatu, 2 Desemba

Shavu: kavu. Safu ya mashariki.

Jumanne, 3 Desemba

Shavu: kavu asubuhi. Nilipokuwa navaa glavu Masue akarudi akanigusa tena: limebadilika. Nikazivua. Zamani ningebishana.

Alhamisi, 5 Desemba

Unga! Sukari imeanza kutoka juu ya ngozi, nyeupe, safu ya kusini. Masue aliniletea moja kiganjani na safari hii alisema maneno mengi mno, sitayaandika yote. Nimempigia Kiyotaka. Hakupokea. Nikamwachia ujumbe kwamba akija na lori alete na mafuta ya kurudia.

Ijumaa, 6 Desemba

Shavu: kavu. Nimekanda safu ya magharibi. Sikufungasha kitu.

Jumamosi, 7 Desemba

Lori lilifika kabla ya adhuhuri, likarudi nyuma mpaka mlangoni kana kwamba linakuja kuchukua maiti. Kiyotaka alisalimia, hakukaa, chai hakuigusa. Alikuwa na nyundo ndogo na mfuko wa kuwekea misumari.

"Nenda ukazitazame kwanza," nikamwambia.

"Mama, nikizitazama utaniambia nizionje. Nikizionja utaniambia nisubiri Mwaka Mpya."

"Umenijua."

Masue alikuwa amesimama katikati ya ngazi na ufagio. "Sogea, Shangazi," Kiyotaka akasema. Masue akamtazama muda, kisha akanitazama mimi, nikavaa glavu. Akasogea.

Niliwasha kioo leo. Nilimwona akifika juu, akisimama. Matunda yalikuwa yamemzunguka pande tatu, meupe, na upande wa kaskazini fito tupu. Akaenda kwenye safu ya kusini. Sijui kwa nini alianza na ile iliyo nzuri kuliko zote. Akainua mkono, akafungua kamba ya mtungo wa kwanza, akaushika usianguke, angalau hilo nililomfundisha analikumbuka, na akaanza kuushusha.

Nikasukuma mkono wa kulia kwenye reli. Ulikwenda kwa kasi kuliko siku zote. Ukamkamata kifundoni.

Vifuko vikanibonyeza vidole vyote vitano kwa pamoja. Kifundo cha mwanangu. Kipana, kina mfupa unaojitokeza kando. Nilikuwa nimeusahau ule mfupa.

"Mama!"

"Funga ulichofungua."

"Mama, niachie. Mashine hiyo itanivunja mkono."

"Nimeshika tofu kwa mashine hii. Haivunji kitu nisichotaka. Funga."

Akavuta. Nyuzi za glavu zikanivuta na mimi, nikasogea mbele kitini, nikashikilia. Akavuta tena, si kwa nguvu. Kisha akatulia, na hapo ndipo nilipoisikia. Kwenye kioo alikuwa amesimama wima, uso hausemi kitu, ungedhani anasubiri basi. Lakini vidoleni mwangu alikuwa anatetemeka. Mtetemo mdogo, wa ndani, usiokoma.

"Kiyotaka," nikasema. "Siku ile uliona nini?"

Matunda yalikuwa yanagongana taratibu.

"Ulikuwa umefunikwa na majani," akasema. "Chini ya mti. Usoni pia. Nilikupigia simu tangu asubuhi, nikaendesha gari kutoka Nagoya, nikakukuta umefunikwa na majani mekundu, na nikadhani... nikasimama pale getini, Mama. Sikukukimbilia. Sikuwa na miguu ya kukukimbilia."

Nilimshika. Sikumbana zaidi, sikulegeza.

"Mimi nilikuwa chini ya yale majani," nikamwambia. "Nilikuona unasimama getini. Nikasema moyoni, afadhali amekuja. Basi. Hakuna nililokudai. Unaogopa, ogopa tu, ni haki yako, njoo uogope hapa kila Jumamosi ukitaka, nitakupikia. Lakini hunipeleki mahali pa kungoja kufa eti ili wewe usiogope. Mimi ni mkandaji wa kaki. Niko kazini. Umenikuta kazini unanivurugia kazi."

Masue, chini ya ngazi, akasema "haswa" kwa sauti ambayo nadhani hata lori lilisikia.

Nikaleta mkono wa kushoto. Nikachagua tunda kwa kugusa tu, kwenye ule ule mtungo aliokuwa ameushika, nikalizungusha mara moja. Laini hadi ndani, hakuna moyo. Nikalichomoa, nikampelekea mdomoni. Akageuza uso kama alivyokuwa akifanya akiwa mtoto mbele ya kijiko cha dawa, kisha akafungua mdomo.

Alitafuna. Unga ukambaki mdomoni. Alitafuna muda mrefu kuliko tunda lenyewe linavyohitaji.

"Vipi?" nikauliza.

"Mama, hizi ni..." akasema, akameza. "Hizi ni kama za kila mwaka."

"Funga basi."

Hakuweza kufunga kwa mkono mmoja, na mimi sikumwachia ule mwingine. Kwa hiyo nikamshikia kamba kwa mkono wangu wa kushoto, yeye akapitisha ncha kwa mkono wake wa kushoto, akavuta, nikabana fundo kwa kidole. Fundo baya. Litashika. Nilipolihakikisha ndipo nilipofungua vidole vya mkono wa kulia, kimoja kimoja, na kifundo chake hakikuondoka mara moja.

Lori limelala uani. Amekula bakuli tatu.

Jumapili, 8 Desemba

Nilikuwa bado nimefumba macho nikasikia ndara kwenye ngazi, nzito kuliko za Masue. Zikapanda, zikazunguka safu zote, zikashuka. Kiganja kikubwa kikakaa shavuni mwangu.

"Kavu?" akauliza.

Kilikuwa cha moto kama mkate. Hakikuwa kimegusa kaki hata moja muda wa kutosha.

"Hujui kitu," nikamwambia. "Rudi juu. Shika tunda, ngoja mpaka ubaridi wake ukuingie, halafu ndipo uje kwangu."

Akarudi juu. Nikavaa glavu, nikangoja.